Mama Amelala Upande Mmoja

Daktari hakuwa daktari. Tuanze na hilo, maana jina ndilo lililoua, na mtu asije akasema baadaye kwamba sikumwambia. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama mtu mzima mwenye cherehani ya miguu barazani, mkebe wa vifungo, na mgongo uliopinda kwa kuinamia kaptura za watoto wa watu. Jina la Daktari alipewa na kundi.

Kundi lenyewe lilikuwa la kwenye simu, likiitwa Nikatie Nipande. Watu wake hawakuwahi kuonana. Wengine walikaa kwenye joto la kukausha mate mdomoni, wengine kwenye baridi ya kugandisha umande, na kila mmoja alikuwa na kiuwanja nyuma ya nyumba, na makopo, na ndoo zilizokatika mikono, na karai bovu lililogeuzwa kitalu. Huyu anaomba kikonyo cha yasmini, yule anatuma pingili ya mkomamanga. Kifurushi kinapanda basi kimefungwa kwa gazeti bichi, na anayekisubiri anakwenda kukipokea stendi kama anayempokea mgeni rasmi.

Na walikuwa na lugha yao, hao. Mmea unaokatwa waliuita mama. Kikonyo kilichokatwa ni mtoto. Mtoto akitoa mizizi, amesimama. Mmea ukinyauka, amelala. Mbolea ni chakula. Kuhamisha mmea kutoka shimo hili kwenda lile ni kumpeleka. Ungewasikia wakiongea ungedhani ni wodi ya wazazi: "Mtoto wangu hasimami, nifanyeje?" "Mama yake ulimkata wapi?" "Shingoni." "Ala! Shingoni unamkataje, umkate kiunoni!" Basi ni vicheko asubuhi mpaka jioni.

Katika hao wote, mshonaji ndiye aliyekuwa na mkono. Kitu kimekauka mpaka mwenye nacho amekikatia tamaa, yeye atakitazama kwenye picha, ataikuza kwa vidole viwili, atasema: punguza maji, mfunike, msubiri. Na kitu kinachipuka. Wakaanza kumwita Daktari. Mwanzoni alikataa. Halafu akanyamaza. Halafu akaanza kuitika. Mgema akisifiwa, jamani, tembo hulitia maji, na huyu walimsifu miaka.

"Wagonjwa wako wameamkaje?" mumewe alikuwa akimtania kila asubuhi. Mzee huyo alikuwa dereva wa lori mstaafu, kazi yake sasa ni kukaa kwenye kiti cha kamba na kukosoa. "Daktari asiye na sindano wala koti."

"Sindano ninayo," mkewe angemjibu, akiielekeza ile ya cherehani. "Njoo nikuchome."

Rafiki yake mkubwa kundini alikuwa mama mmoja wa kule milimani kwenye baridi, ambaye kila picha aliyotuma alikuwa amevaa sweta. Hilo likawa jina lake, Sweta. Sweta alikuwa na mwaridi uliozeeka ukutani kwa jiko lake, shina nene kama mkono wa mtu, maua mekundu yaliyokolea mpaka yanakaribia weusi. Waliuita Mama Mkubwa. Mshonaji aliutamani mti ule kwa moyo wake wote. Sweta alimtumia watoto mara nyingi, kila mmoja kitako kimechomekwa kwenye kiazi ili asikauke njiani, na kila mmoja alifika kwenye joto akakata roho. Mmoja tu ndiye aliyesimama, kwenye kopo la rangi nyuma ya tangi la maji, pasipofikiwa na jua la mchana. Siku alipotuma picha ya jani lake la kwanza, Sweta alimrudishia sauti: alikuwa analia na kucheka pamoja, na nyuma kuku wakipiga kelele.

Walikuwa na ugomvi wao mmoja usioisha: nani mkubwa. Wote walizaliwa msimu mmoja wa mvua kubwa, lakini kila mmoja alidai yeye ndiye wa kuamkiwa. "Niamkie, mtoto wewe." "Nikuamkie nani, mimi nimekuona unatambaa." Hivyo ndivyo walivyopendana.

Sasa sikiliza.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wenye kumjua mshonaji watakuambia siku hizo hata jina lake hulisahau. Sare zimerundikana mpaka kitandani, wazazi wamesimama barazani na mikono kiunoni, huyu anadai sketi, yule anadai mtoto wake amenenepa tangu apimwe. Simu ikalia juu ya meza ya cherehani. Ujumbe kutoka kwa Sweta. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni na kola mkononi. Akasoma kwa jicho moja.

"Shikamoo Daktari. Mama ameamka vibaya. Upande wa kushoto umelala wote, haunyanyuki. Nikimpa maji hayapiti, yanamwagika pembeni. Nimpeleke?"

Aliona ile shikamoo. Hilo ndilo litakalomla mpaka anaingia kaburini, kwamba aliiona. Sweta hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Naye badala ya kushtuka alicheka, pini nusura zimwingie kooni, akajisemea, leo amesalimu amri. Akaandika haraka kwa kidole gumba, mzazi mmoja akimhimiza:

"Marahaba mjukuu wangu! Usimpeleke popote, ukimtikisa sasa ndio unammaliza. Ni baridi ya usiku imempiga. Mwache hapohapo, mfunike gunia, pasiwe na upepo. Maji matone tu. Chakula usimpe kabisa mpaka asimame. Usiwe na haraka, atajinyanyua mwenyewe."

Jibu likaja: "Asante sana Daktari. Mungu akubariki." Akaweka simu, akarudi kwenye kola.

Ni ushauri mzuri ule, kwa mwaridi. Hata leo ukimuuliza mtu wa bustani atakuambia vivyo hivyo.

Kesho yake mchana mzigo ulipungua kidogo. Mshonaji aliketi na mumewe barazani, miguu ndani ya beseni la maji, na simu ikalia tena. Akasoma kwa sauti, maana mzee alipenda kuzisikia habari za wagonjwa ili apate la kutania.

"Daktari, bado amelala. Gunia sikuwa nalo, nimemfunika blanketi. Chakula sijampa. Sasa anakoroma."

"Anakoroma!" mzee akapiga paja. "Waridi linakoroma! Mwaka huu tutasikia mengi. Mwambie amgeuze ubavu!"

Akacheka peke yake. Alipoona anacheka peke yake akageuka, akamkuta mkewe amesimama ndani ya beseni, simu mbele ya macho, midomo inakwenda bila sauti.

"Nini?"

"Mti haukoromi," mshonaji akasema.

Akapiga. Haipatikani. Kule milimani mtandao ulikuwa wa kutafuta kwa kupanda juu ya jiwe, Sweta mwenyewe alikuwa akilalamika hivyo. Akapiga tena, akapiga tena, akitembea uani na miguu inayochuruzika maji, akikanyaga makopo yake mwenyewe. Akaandika: MPELEKE HOSPITALI SASA HIVI. Ujumbe haukufika. Mzee naye akachukua simu yake, akajaribu, utani wote umemkauka.

Jua lilikuwa limeanza kushuka ndipo ikapokelewa. Sauti ya msichana, nyembamba, yenye adabu.

"Haloo, shikamoo Daktari."

"Wewe nani? Sweta yuko wapi? Mwenye simu yuko wapi?"

"Mwenye simu ndiye huyo mama aliyelala, Daktari. Mimi ni mke wa mwanawe. Niko naye hapa, tuko wawili tu."

"Mpeleke hospitali! Mbebe, tafuta gari, ita watu, mpeleke sasa!"

Halafu yule msichana akauliza, bila hasira hata chembe, kama mwanafunzi aliyeambiwa jibu lake siyo: "Lakini ulisema nisimpeleke."

Sweta alifia njiani, kwenye gari la kubebea viazi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkamwana wake. Hospitalini daktari wa kweli alimpima, akasema ni kiharusi, akasema mngemleta jana. Ndivyo wanavyosema siku zote, lakini safari hii ilikuwa kweli.

Yule mkamwana alikuwa mgeni katika nyumba ile. Aliolewa juzijuzi tu, na mumewe, fundi wa mitambo, alirudi kazini mbali akamwacha na mama. Habari za kundi hakuzijua. Alichokijua ni kwamba mama mkwe wake kila jambo husema, "Ngoja nimuulize Daktari wangu," na anaongea na huyo Daktari kwa mapenzi, na jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye simu: Daktari. Asubuhi ile mama alipoamka mdomo umekwenda upande, aliwaza kumpeleka. Akasema, nisikurupuke, nimuulize kwanza anayemjua mgonjwa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Na akajibiwa kama mjukuu, marahaba na yote.

Mshonaji aliyajua hayo kipande kwa kipande, kwa simu za siku zilizofuata. Yule msichana alimpigia yeye. Hakuwa na mwingine wa kumpigia. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amefika msibani na maneno yake mkononi: huyu mwanamke amemuua mama yetu, amemfunika blanketi akamtazama akifa, amemnyima hata uji. Ndugu wakaanza kukubaliana naye. Mume peke yake ndiye aliyemkinga mkewe, na kinga yenyewe ilikuwa neno moja: alimuuliza daktari. Daktari ndiye aliyekataza.

"Sasa wanataka wakusikie wewe," msichana akasema kwenye simu. "Wifi anasema nimetunga, hakuna daktari. Waambie, Daktari. Waambie tu ulichoniambia. Wakisikia wewe wataniacha."

Mshonaji akasema, "Nitakuja mwenyewe, mwanangu." Akakata simu, akakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa.

"Uende wapi?" mzee akaruka. "Una wazimu? Wakupige mawe? Zima hiyo simu, tupa hiyo laini. Nani anakujua kule? Hata jina lako hawalijui."

"Watamfukuza."

"Basi zungumza naye kwa simu. Sema, ndiyo, mimi daktari, nilikosea. Madaktari hukosea kila siku! Nani atakuja kukuuliza cheti? Msichana atapona, na wewe utapona."

Na hapo, mimi nasema ukweli, mzee hakusema upuuzi. Mshonaji aliyapima maneno yale usiku mzima na asubuhi bado yalikuwa na uzito. Uongo mmoja, kwa sauti nzito kidogo, na binti wa watu anabaki na nyumba yake. Lakini alikwisha kuitika jina lile kwa uongo mara nyingi mno, na mara ya mwisho alipoliitikia mtu alikufa. Hakuwa na ubavu wa kuliitikia tena. Akapanda basi.

Alifika kwa Sweta meno yanagongana, amevaa nguo juu ya nguo na bado hazikutosha. Alizijua njia za pale kama za kwake: ngazi ya mawe, banda la kuku, tangi lenye kutu. Yote aliwahi kuyaona kwenye picha. Na ukutani kwa jiko akamwona Mama Mkubwa. Alikuwa mzima kabisa, amejaa maua mpaka juu ya bati, hakuna hata jani lililolala. Mshonaji akamgeuzia uso.

Waliketi sebuleni, viti vya kuazima vimesogezwa ukutani. Mume wa msichana alikuwa kijana mpole, macho mekundu, amelishika mikononi sweta moja la mama yake. Wifi alikaa karibu na mlango, mikono kifuani. Msichana alipomwona mgeni alisimama haraka, akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la mtu aliyeona boti ya kumuokoa.

"Huyu ndiye Daktari," akawaambia, kwa fahari. "Amekuja mwenyewe."

"Karibu, Daktari," kijana akasema. "Tunataka kujua tu. Mke wangu anasema ulimwambia asimpeleke mama hospitali."

"Nilimwambia."

"Umeona?" msichana akamgeukia wifi yake. "Umesikia sasa?"

"Subiri," mshonaji akasema. "Nilimwambia, na kosa ni langu, lake halipo. Lakini mimi si daktari. Mimi ni mshonaji wa sare. Hilo jina ni la utani, tunaitana hivyo kwenye mambo ya maua. Mwaridi wa hapo nje tunauita mama. Aliponiandikia mama amelala upande mmoja, nilidhani ni mwaridi. Nilimjibu ya mwaridi."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni, ikasikika kila pigo.

Halafu wifi akacheka. Siyo cheko la furaha, ni lile linalotoka tumboni mtu akipigwa. "Gunia," akasema. "Ndiyo maana ya gunia. Mama yetu ametibiwa kama ua. Na nani? Na mshona kaptura!" Akamwelekeza kidole msichana. "Na wewe ukatii! Hukuwa na akili ya kujiuliza ni daktari gani anayeagiza mgonjwa afunikwe gunia?"

"Msimlaumu yeye," mshonaji akasema. "Nimekuja kwa ajili hiyo. Nilaumuni mimi."

"Wewe tutakulaumu nini? Wewe hatukujui. Wewe leo utapanda basi urudi kwenu."

Kijana alikuwa bado anamtazama mkewe. Hakumtazama kwa chuki, ingekuwa afadhali. Alimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Ile kinga yake ya neno moja ilikuwa imekwisha, na aliyekuja kuimaliza ni mshonaji, kwa mdomo wake, kwa ukweli wake.

"Kapumzike kwenu kidogo," akamwambia mkewe. "Mpaka mambo yatulie."

Kila mtu chumbani alijua kidogo hiyo ina urefu gani.

Waliondoka pamoja, mshonaji na msichana, hadi kituo cha basi. Msichana alibeba begi moja na mshonaji akaomba amsaidie, akakataliwa. Walisimama chini ya bati la kituo, ukungu umeshuka mpaka magotini. Mshonaji alitafuta la kusema tangu getini. Pole alikwisha kusema, na alijua pole ile haimfai hata wa kujikwaa kidole.

"Ningesema mimi daktari," akasema mwishowe, "wangekuacha?"

Msichana akafikiri. Alikuwa mkweli, hata pale. "Wangeniacha. Na mimi mwenyewe ningejiacha." Akasogeza begi kwa mguu. "Mchana wa siku ile ya kwanza mama aliuona uji wangu. Mkono wa kulia ulikuwa unafanya kazi. Akaunyoosha, akashika bakuli. Nikamwondolea. Nikamwambia, mama, Daktari amekataa. Akaniachia, maana nilitaja Daktari. Hakung'ang'ania hata kidogo."

Mshonaji akashika nguzo ya kituo.

"Kila nikikumbuka hivyo nilikuwa najiambia, sawa, lakini ni daktari aliyekataa, daktari anajua. Ndilo nililokuwa nalo, hilo. Usiku nalala nalo." Basi la kwao likatokea kwenye kona, taa zimewashwa. "Sasa sina. Nilimnyima uji bure."

Akapanda. Hakupunga mkono, wala hakununa. Alikaa dirishani akatazama mbele kama abiria yeyote.

Wahenga waliposema majuto ni mjukuu hawakuwa na habari za simu, lakini mshonaji njia nzima alilisikia neno moja likizunguka kichwani: marahaba mjukuu wangu, marahaba mjukuu wangu. Alifika kwake joto likampokea mlangoni. Mzee alikuwa amemwagilia makopo yote, hata yale yasiyotaka maji, na yule mtoto wa Mama Mkubwa nyuma ya tangi alikuwa ametoa tumba lake la kwanza, jekundu, limefumba. Mshonaji alilitazama, akaingia ndani.

Kundini walikuwa wakilia. Mtu alitangaza kwamba Sweta amefariki kwa kiharusi, basi, na zaidi ya hapo hawakujua. Picha za maua yake zilijaa, na pole nyingi zilimwendea Daktari, kwa kuwa wote walijua walivyokuwa chanda na pete. Hakujibu hata moja. Aliandika mara nyingi, msiniite tena hivyo, akafuta kila mara, maana wangeuliza kwa nini.

Wiki zikapita, kundi likarudi kwenye vikonyo vyake, kama inavyokuwa. Siku moja akiwa anatia vifungo simu ikalia. Ni jamaa mmoja wa kundi, mtu wa kusini huko, mcheshi, bingwa wa kuotesha mikomamanga.

"Daktari, msaada. Mama yangu leo hanyanyuki. Nifanyeje?"

Mshonaji akaacha kifungo kikaanguka. Akaandika kwa herufi moja moja, akasoma alichoandika, akasoma tena, ndipo akatuma.

"Mtu au mti?"

Jamaa akarudisha vicheko mstari mzima, akaongeza: "Daktari nawe! Tangu lini?"

Swali hakuwa amelijibu. Mshonaji akaandika tena neno lilelile: "Mtu au mti?" Na alipoona bado anachekewa, akampigia.